Mwaka Tulioandika Bei Ubaoni

Bi Zuhura alizikwa Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, na kwa siku tatu za matanga nililala Utende, kisiwani Mafia, katika chumba kilekile nilichokuwa nikishonea nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Chumba kimebadilika. Sakafu ya udongo imetiwa saruji, dirisha la mbao limewekwa vioo, na pale ilipokuwa cherehani pamesimama jokofu la mjukuu wake anayeuza barafu na juisi ya ukwaju. Wanawake tulikaa mikekani tukimenya vitunguu vya pilau ya hitima, na kama ilivyo kawaida yetu, siku ya kwanza tulilia, ya pili tukasimuliana, ya tatu tukaanza kucheka. Ndipo mmoja wao aliponitazama akasema, "Mwanaidi, si wewe uliyetuwekea ubao wa bei hapa? Bi Zuhura, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitajia bei maishani mwake mpaka ulipokuja wewe na kiherehere chako." Wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana ni kweli. Kisha nikatoka uani, nikakaa nyuma ya jiko, nikalia mpaka upande wa kanga ukalowa. Walidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia, sisemi uongo, lakini si yeye peke yake. Nilipotulia nikanawa uso, nikarudi kwenye vitunguu.

Nilikotoka na sababu za kupelekwa kwa Bi Zuhura naziacha, hazina utamu. Itoshe kwamba nilikaa kwake mwaka mmoja kujifunza kudarizi mifarishi kwa cherehani, na kwamba katika umri wangu wote, pamoja na ndoa na watoto na duka langu la Kilindoni, hakuna mwaka ninaoutamani urudi kama ule. Wasichana wa leo wanalala juu ya magodoro ya sponji na kujifunika mablanketi ya dukani, kwa hiyo nieleze. Mfarishi wa Bi Zuhura ulikuwa na tabaka tatu: kanga juu, kanga chini, na katikati nguo kuukuu zilizofuliwa na kunyooshwa, mashuka, misuli, hata magauni ya watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Kwanza unazipiga bandi kwa mkono zisiteleze, kisha unaziingiza chini ya sindano na kushona mistari toka upindo hadi upindo, mpaka zote tatu ziwe nguo moja. Mistari ikiachana sana, mfarishi unakuwa mwepesi, lakini baada ya kufuliwa mara kadhaa kule ndani hujikunja. Ikikaribiana, unakuwa mzito na unakaa miaka ishirini. Cherehani yetu ilikuwa ya miguu, na ikifika kwenye pindo nene ilikwama, na Bi Zuhura aliipiga kofi dogo akiiambia, "Haya mama, twende." Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, mchana ugali na mchuzi wa pweza tukimpata, kisamvu tusipompata, na kutwa nzima chumba kilinuka mafuta ya cherehani na nguo za watu. Mpaka leo nikifungua kopo la mafuta yale dukani kwangu, nasimama kidogo kabla ya kuyatia.

Bi Zuhura hakuwa na bei. Mtu akileta kazi na kuuliza, "Bei gani, Bi Zuhura?" hujibiwa, "Tutaelewana," na siku ya kuchukua huambiwa, "We chukua kwanza." Mmoja ataleta mayai sita, mwingine kichane cha ndizi, mwingine atakuja kumpalilia shamba la muhogo siku moja, na wapo walioleta shukrani tu, ndefu, yenye dua ndani yake. Uzi hata hivyo haukununuliwa kwa dua. Mimi ndiye niliyetumwa Kilindoni kununua uzi na sindano, na mimi ndiye niliyemtazama mwenye duka usoni na kumwomba angoje. Kuna wiki cherehani ilisimama siku nne kwa kukosa uzi mweupe, na mfarishi wa mama mmoja mjamzito ukabaki nusu mpaka mtoto akazaliwa akafunikwa shuka. Wiki ile nilimwambia, "Bibi, tuweke bei." Alikuwa akikuna nazi. "Bei ni za dukani, mwanangu," akasema. Nikamwuliza, "Sasa sisi si duka?" Akasema, "Sisi ni watu. Mtu ukishamtajia bei umemwambia kwamba yeye kwako ni mgeni. Wageni wapo, nao watajie. Ila si wote, Mwanaidi." Nilikuwa na ulimi mwepesi siku zile. Nikamjibu kwamba muuza uzi anatutajia bei kila wiki na usingizi anapata. Alicheka mpaka mbuzi ya nazi ikayumba chini yake. "Haya, mwenye akili," akasema. "Weka."

Kusema ni rahisi. Nilidhani kuweka bei ni kuchagua namba nzuri na kuitangaza, kumbe ni kazi ngumu kuliko kudarizi kwenyewe. Kwanza nilitoza kwa mkono, yaani toka kiwiko hadi ncha ya kidole, kama nguo zilivyopimwa tangu zamani. Wanawake wakakubali bila ubishi, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili. Wiki iliyofuata kila mfarishi ulifuatwa na mume. Walitafutwa wanaume warefu wa kijiji kizima, na asiye na mume mrefu aliazima wa jirani, na mfarishi wa mikono saba kwa mkono wangu ukawa wa mikono mitano na kitu kwa mkono wa baba mmoja mpanda minazi. "Mkono si mkono?" waliniuliza. Bi Zuhura alisimama mlangoni akijifanya anafunga kanga vizuri, mabega yakimtikisika. Nikaacha mkono, nikatoza kwa kibiringo cha uzi. Wakaja na uzi wao wa bei poa, uliokatika kila hatua tatu, na kazi ikiwa katikati wakasema, "Malizia na wako, mwanangu." Karibu nikubali kurudi kwenye mayai.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo aliitwa Shomari. Alikuwa mvuvi wa Kilwa, kijana wa miaka ishirini na minne au mitano, aliyekuja Mafia na wenzake kupiga dago kisiwa cha Juani, upande wa pili wa magofu ya Kua. Dago ni kambi ya wavuvi, ya msimu tu: vibanda vya makuti, chanja za kukaushia samaki, na wanaume peke yao wanaojipikia vibaya. Ijumaa hawakuvua. Walivuka Ghuba ya Chole kuja Utende kusali, kununua unga na sukari, na kunywa kahawa kwa amani. Ijumaa moja alipiga hodi akiwa na furushi la kanga nne za marehemu mama yake. "Nataka mfarishi," akasema, "wa kukaa miaka." Nikamwuliza kama ni wa kulalia dago, maana watu wa dago tuliwashonea kwa kanga mbovu na magunia. "Si wa mchangani," akasema. "Huu ni wa nyumba." Nikaanza kuzipima kanga zake, yeye akakaa barazani, mlango ukiwa wazi kama heshima inavyotaka, akinisikiliza nikimlalamikia Bi Zuhura habari za waume warefu. Akasema toka huko nje, bila kuulizwa, "Mbona sisi wavu hatuuzi kwa urefu tu? Wavu bei yake jicho. Jicho la vidole viwili mbali, la vidole vinne mbali. Kazi ipo kwenye jicho." Niliitazama kanga ya mama yake mkononi mwangu. Jibu lilikuwa pale siku zote, kwenye nafasi baina ya mstari na mstari.

Basi nikaweka madaraja matatu: mistari ya kuachana vidole viwili, vidole vinne, na kiganja kizima, na vidole vikawa vya fundi, si vya mume wa mtu. Shomari akaleta rangi ya buluu iliyobaki walipoandika jina la chombo chao, akatafuta ubao wa sanduku la chai, na Ijumaa iliyofuata akakaa barazani kuandika, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Vidole viwili, shilingi elfu moja. Vidole vinne, mia saba. Kiganja, mia nne. Nikamwambia aongeze chini: Bei ni moja kwa wote. Akasimamisha brashi. "Kwa wote?" "Kwa wote." "Hata mimi?" Nikamwuliza, "Wewe nani?" Akacheka, akaandika, na herufi za mstari ule wa mwisho zilikuwa nzuri kupita zote. Bi Zuhura alitoka, akasoma kidole kikifuata maneno, akasema ubao umependeza. Kisha akarudi ndani akachemsha chai ya watatu.

Ubao ulifanya kazi yake. Uzi haukukosekana tena, sindano zikawa na akiba, na siku moja tulikula wali wa nazi siku ya Jumanne bila sababu. Lakini maneno nayo yalikuwepo. Ukuta wa chumba chetu upande wa kisimani ulikuwa mwembamba, nami nilisikia yote huku miguu yangu ikikanyaga. "Siku hizi kwa Bi Zuhura unasoma kwanza ndipo ukaribishwe." "Na asiyejua kusoma?" "Atasomewa na yule binti, tena kwa sauti." Bi Asha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mkulima wa mwani, alikuja kuchukua mfarishi wake wa vidole vinne akiwa na mia sita mkononi. Nikamwonyesha ubao. Akasema, "Mia moja tu, mwanangu, na mimi ndiye ninayewapa moto kila asubuhi." Nikamwonyesha tena. Alitoa mia nyingine toka kwenye pindo la kanga, akaondoka, na kesho yake tuliwasha moto kwa kiberiti. Leo naona aibu. Wakati ule nilijiona nimesimama kwenye haki, na kuna utamu fulani kijana anaupata akiwa kwenye haki, hasa ikiwa haimgharimu yeye.

Mfarishi wa Shomari niliushona Ijumaa hadi Ijumaa, nikiuweka kando siku za kati ili usiishe. Nilimpenda. Nalisema sasa kwa sababu aliyekuwa mume wangu ametangulia na watoto wangu ni watu wazima, na kwa sababu nimechoka kulizungukazunguka. Niliipenda sauti yake akibisha hodi, nilipenda alivyomwamkia Bi Zuhura "Shikamoo bibi" akiwa tayari amevua viatu, nilipenda hata harufu ya moshi wa chanja kwenye shati lake la Ijumaa. Alileta changu wa kubanika, Bi Zuhura akawatia tui, nasi tulikula ndani naye akila barazani, tukisemezana kupitia mlangoni. Alinisimulia mama yake, alivyokuwa akiimba akitwanga, na alivyomficha ugonjwa wake mpaka siku za mwisho. Kila akija aliomba kuiona kazi. Niliitandaza mkekani, naye aliweka vidole viwili baina ya mstari na mstari, akasogea, akaweka tena, kama mtu anayekagua wavu. Siku moja mstari mmoja ulikuwa umeyumba kidogo katikati. Vidole vyake vilisimama hapo, na alipoondoka niliufumua wote na kuushona upya. Ijumaa ya mwisho kabla mfarishi haujaisha aliniambia, akitazama viatu vyake, "Ijumaa ijayo nakuja kuuchukua. Nina mazungumzo na Bi Zuhura, lakini wewe kwanza." Wiki hiyo sikulala vizuri, wala sikutaka kulala.

Ijumaa ile Bi Zuhura aliitwa asubuhi kwa mzazi aliyeshikwa na uchungu, mwisho wa kijiji. Baada ya sala chumba kilijaa. Walikuwepo wanawake watatu, mmoja wao Bi Asha, aliyerudi kwetu na kazi nyingine kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine, na bado alikuwa amenuna. Shomari alipiga hodi, nikamwitikia. Alikuwa amevaa kanzu. Nikamkabidhi mfarishi ukiwa umekunjwa mara nne, akaushika kwa mikono miwili, asiufungue. Akaniangalia, akauliza polepole, "Bei gani, Mwanaidi?"

Nimelisikia lile swali mara nyingi sana tangu siku ile. Nikiwa naosha vyombo nalisikia. Wakati ule nilichosikia ni kwamba wanawake watatu walikuwa wamenyamaza, na Bi Asha alikuwa ameinua shingo aone kama ubao unamhusu kila mtu au unamhusu yeye tu. Nikadhani Shomari ananitania. Nikanyoosha kidole nikasema kwa sauti ya duka, "Ubao si huo mbele yako? Umeuandika mwenyewe."

Aliugeukia ubao. Aliutazama kwa muda mrefu kuliko mistari minne inavyohitaji kusomwa. "Vidole viwili," akasoma. "Elfu moja." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu, akahesabu noti kumi za mia mia, laini kwa unyevu, akaziweka juu ya meza ya cherehani. "Ahsante, fundi," akasema, akatoka na mfarishi wake kifuani. Nikangoja arudi barazani kukaa kama kawaida yake. Nilisikia viatu vyake vikienda. Bi Asha akasema, "Haya, kumbe kweli ni moja kwa wote," na wenzake wakanisifu kwamba nina msimamo. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna mpaka karibu na magharibi.

Bi Zuhura alirudi na habari za mtoto wa kike na kipande cha papai. Akauliza, "Shomari kaja?" Nikamwambia kaja, kachukua, kaondoka, labda alikuwa na haraka. "Alikuuliza bei?" Nikasema ndiyo. "Ukamjibuje?" Nikamwambia, nikitabasamu, nikingoja kusifiwa mara ya pili. Bi Zuhura aliweka papai chini. Akakaa kitandani. "Mwanangu," akasema, "mtu aliyeuandika ubao ule kwa mkono wake, atauliza bei gani asiyoijua?" Bado sikuelewa. Basi akanisimulia jinsi alivyoolewa. Marehemu mume wake alimpa kofia amshonee, na ilipokwisha akaja akauliza bei, na yeye Bi Zuhura akamwambia, "We ivae kwanza." Jumatatu wazee wakaja na posa. "Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu, na kwao Kilwa ndivyo ilivyo. Mwanamume haji kukuuliza kama unamtaka, akakuaibisha na akajiaibisha. Anakuuliza bei. Ukimtajia, kajua yeye ni mgeni, atalipa aende zake. Nilikwambia si wote, Mwanaidi. Nilidhani umesikia." Nikajitupa juu ya mkeka nikalia kwa sauti kama mtoto, naye akanipapasa mgongo. Kisha akazichukua zile noti kumi mezani, akazifunga kwenye pindo la kanga yangu kwa mkono wake. "Kesho vuka. Mrudishie zote. Usiseme neno, hakuna haja ya neno. Zikirudi zote kumi ataelewa."

Msichana haendi dago peke yake. Aliyekuwa akivuka asubuhi ile kwenda Juani alikuwa Bi Asha, anakwenda kumwona dada yake, na Bi Zuhura akamwomba anisindikize, bila kumwambia kwa nini. Njia nzima Bi Asha alikuwa amepungua hasira, akinihadithia bei za mwani, na mimi nilikuwa nimelishika pindo la kanga mpaka vidole vikafa ganzi. Tulipopita magofu ya Kua nilikuwa nimeshajifunza kwa moyo namna nitakavyonyoosha mkono. Dago lilinuka moshi na ng'onda, wale samaki wa kukaushwa. Wanaume sita au saba walikuwa wameketi wakishona wavu, na Shomari katikati yao, msuli kiunoni, hakuinuka. Tulimwamkia nahodha wao, Mzee Hamadi, akaitikia marahaba na kuuliza kama kuna heri.

"Heri," nikasema. "Nimemletea Shomari pesa yake."

"Pesa gani?" akauliza Bi Asha, akinigeukia.

"Ya mfarishi."

"Unamrudishia?" Sauti yake ilipanda. "Mie mia moja ulinikatalia, Mwanaidi! Jirani yenu, ninayewapa moto! Nikaonyeshwa ubao kama mwizi. Leo unamvukia mtu bahari kumrudishia?"

Mikono yote kwenye wavu ilisimama. Shomari aliinua uso, na nikaona kwamba ameelewa, au yuko karibu kuelewa, na kwamba anangoja. Uso wake ule ningali nao. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua fundo na kunyoosha mkono. Sikutakiwa hata kusema. Lakini Bi Asha alikuwa ananitazama, na wanaume saba, na kesho kisima kizima kingekuwa na habari kwamba binti wa ubao ana bei yake ya siri kwa vijana wa dago, na juu ya aibu hiyo kulikuwa na jambo baya zaidi: Bi Asha alikuwa na haki.

"Nilikosea hesabu," nikasema. "Nilimtoza ya vidole viwili. Kazi yake ni ya vidole vinne."

"Vidole vinne," Shomari akarudia taratibu. Vidole vyake vilikuwa vimepita kwenye kila mstari wa mfarishi ule, Ijumaa hata Ijumaa.

"Ndiyo."

Nikageuka upande, nikafungua fundo, nikatoa noti tatu, nikafunga tena. Alizipokea kwa mkono wa kulia, akazitia kwenye pindo la msuli bila kuzitazama. "Ahsante kwa uaminifu, fundi," akasema. Mzee Hamadi akatikisa kichwa kwa kunistaajabia. "Mnamwona binti huyu? Kavuka bahari kwa mia tatu. Atakayemwoa kapata." Shomari akaokota uzi wake, akasema, "Kweli kabisa, nahodha," akarudi kwenye jicho la wavu alilokuwa amelishika. Bi Asha alinishika mkono tukaondoka, na njiani akaniambia amenisamehe, kwamba sasa ameona mimi ni mtu wa haki kweli.

Bi Zuhura alinifungua fundo mwenyewe jioni ile. Alizitazama zile noti saba, akanitazama mimi. Alinitilia chakula. Dago lilivunjwa wiki tatu baadaye, na msimu uliofuata wenzake walirudi bila yeye. Mmoja wao alisema, akiwa kwenye foleni ya kuleta magunia yake kudariziwa, kwamba Shomari kaoa kwao. Mia saba ile tulinunulia uzi mweupe na mafuta ya cherehani, vikaingia kwenye mifarishi ya watu nisiowakumbuka. Baadaye niliolewa na mtu mwema, nikamheshimu, akaniheshimu, na kumsema vibaya ni dhambi. Lakini moyo wa mtu haukai ulipoambiwa. Nikiwa peke yangu bado nafungua lile fundo, natoa noti zote kumi, nanyoosha mkono mbele ya Bi Asha na watu wote wa Juani. Nimelifanya hilo mara elfu, tena vizuri sana.

Mwaka juzi mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa aliingia dukani kwangu Kilindoni kupunguziwa suruali, na katika kungoja akawa anataja watu wa kwao waliofariki mwaka ule. Katikati ya majina akamtaja Shomari, mwenye mwandiko mzuri, aliyekuwa akiwaandikia watu majina ya vyombo. Nilisimamisha cherehani. Binti yangu alikuwa mezani kwake, akanitazama usoni na kushtuka. Mtu yule alipoondoka, alikuja akaniwekea mkono begani.

"Mama, huyo Shomari alikuwa nani wako?"

Nilitafuta neno ambalo ningekuwa na haki nalo, nisilipate.

"Mteja," nikamwambia.